Kisomo cha Simu: Mtumishi wa Umma Asibaki Mnunuzi Tu

Katika ofisi za Serikali na katika vyumba vya walimu hakuna chombo kilichoenea upesi kama simu ya mkononi. Mwalimu wa shule iliyo pembezoni mwa wilaya, isiyo na maabara wala maktaba, anayo. Karani wa masjala anayo. Mganga wa zahanati na bwana shamba wanazo. Kwa chombo hicho watumishi hawa hutuma fedha kwa wazazi wao, husoma nyaraka za kazi, hupata habari za msiba na kufuatilia mpira. Lakini ikiulizwa ni wangapi miongoni mwao waliopata, japo mara moja, kuunda kitu kinachofanya kazi ndani ya simu hiyo, jibu halitakuwa la kujivunia.

Hali hiyo si kosa la mtu mmoja mmoja. Hata hivyo si hali ya kuachwa iendelee. Taifa lililotangaza mwaka 1967, kwa Azimio la Arusha, kwamba litajenga maisha yake kwa kujitegemea haliwezi kuridhika kuwa na mamilioni ya watu wanaojua kubonyeza na wachache tu wanaojua kuunda. Anayejua kubonyeza peke yake ni mnunuzi, na mnunuzi hupangiwa bei, lugha na utaratibu na mwenye duka.

Hoja yenyewe ni nyepesi kuitamka na nzito kuitekeleza. Mtumishi wa umma, na hasa mwalimu, anaweza kujifunza mwenyewe kuunda programu ya simu. Tena anayo sababu ya kufanya hivyo kuliko fundi aliye mbali, kwa kuwa yeye ndiye anayeijua kazi.

Daftari la mahudhurio

Na uchukuliwe mfano wa mwalimu wa darasa la nne katika shule ya msingi ya kijijini. Kila asubuhi huita majina na kutia alama katika daftari la mahudhurio. Mwisho wa mwezi hukaa jioni nzima akijumlisha: siku za masomo ni ngapi, waliohudhuria ni wangapi, watoro ni wangapi. Hesabu hiyo humfikia mwalimu mkuu, na kutoka kwake huenda ngazi za juu. Ni kazi ya haki, tena ya lazima. Ila inayo kasoro moja kubwa: habari hufika wakati umekwisha kupita. Mtoto aliyeanza kukosa shule tarehe 4 hugundulika tarehe 30, na kwa muda huo pengine amekwisha kupewa ng'ombe wa kuchunga, au amekwisha kupelekwa mjini kufanya kazi za ndani. Utoro wa siku 3 hutibika kwa mwalimu kupita nyumbani kwa mzazi jioni moja. Utoro wa mwezi huhitaji mtendaji wa kijiji, na mara nyingi hata yeye hukuta mambo yamekwisha haribika.

Mwalimu huyo hahitaji mtambo mkubwa. Anahitaji kitu kidogo: kila amalizapo kuita majina, simu imwoneshe ni mtoto yupi amekosa siku 3 mfululizo. Basi hiyo ndiyo iwe programu yake ya kwanza.

Je, anaweza kuiunda bila kwenda chuoni? Anaweza. Ipo zana iitwayo App Inventor, iliyoanzia katika kampuni ya Google mwaka 2010 na baadaye kuhamia MIT, chuo kikuu kilichoko Massachusetts, Marekani. Zana hiyo haidai ada. Hutumiwa kwa kompyuta iliyounganishwa na mtandao, na matokeo yake huonekana katika simu ya mkononi. Anayejifunza haandiki maandishi marefu ya amri. Huchukua vipande vya rangi na kuvipachika kimoja baada ya kingine, kama mtoto apangavyo vipande vya picha iliyokatwakatwa. Kipande kisichofaa hakishikani na mwenziwe.

Kazi yenyewe ina pande mbili. Upande wa kwanza hupangwa sura: orodha ya majina, kitufe cha "yupo" na kitufe cha "hayupo". Upande wa pili hupangwa utaratibu: kitufe cha "hayupo" kikibonyezwa, hesabu ya mtoto huyo iongezeke moja, hesabu ikifika 3, jina lake liwe jekundu. Mambo ya msingi ya kujua ni machache. La kwanza ni kisanduku chenye jina ambamo thamani hutunzwa. La pili ni sharti, yaani ikiwa hivi basi vile, la sivyo vinginevyo. La tatu ni marudio, yaani jambo lile lile kufanywa kwa kila jina katika orodha. La nne ni ghala la kuhifadhia kumbukumbu ili zisipotee. Mwalimu wa hisabati akiyatazama kwa utulivu atakuta kwamba matatu ya kwanza amekuwa akiyafundisha miaka yote kwa majina mengine.

Makosa ndiyo mwalimu

Haifai kumdanganya mtu kwamba programu ya kwanza itafanya kazi siku ya kwanza. Itakosea, na katika kukosea huko ndimo ujuzi unamoingia.

Mwalimu ataingiza majina ya darasa zima, atafurahi, atafunga simu na kulala. Asubuhi atakuta majina yote hayapo. Kumbe alichokuwa amepanga kilikaa katika kumbukumbu ya muda, ile inayofutika programu ikifungwa, na hakukiweka ghalani. Atatafuta, atauliza, atajifunza, na jambo hilo hatalisahau tena.

Baadaye litakuja kosa jingine. Majina mengi yatakuwa mekundu, hata ya watoto wasiokuwa watoro. Akichunguza ataona kwamba mtoto aliyekosa siku moja mwanzoni mwa mwezi, moja katikati na moja mwishoni amehesabiwa siku 3, kwa maana programu iliambiwa kuongeza na haikuambiwa kurudisha kwenye sifuri mtoto anaporejea. Pengine atajaribu kutibu kosa hilo kwa kulinganisha tarehe, na hapo atazua la tatu: mtoto aliyekosa Alhamisi, Ijumaa na Jumatatu hataonekana, kwa kuwa katika kalenda Jumatatu haifuati Ijumaa. Ndipo atakapokumbuka lile alilolijua siku zote, kwamba shule haihesabu siku za kalenda, huhesabu siku za masomo. Dawa ni nyepesi: mtoto akiitikia "yupo", hesabu yake irudi sifuri. Tarehe hazihitajiki.

Kosa la nne hataliona mwenyewe. Litaonwa na mwenzake wa darasa la tano, atakayeazima programu hiyo na kubonyeza kitufe mara mbili kwa mtoto yule yule, na mtoto wa siku 2 akawa wa siku 3. Aliyeunda huwa hakosei namna hiyo, kwa sababu anajua alichokikusudia. Kwa hiyo kila programu haina budi kutiwa mikononi mwa mtu mwingine kabla ya kuitwa programu.

Katika yote hayo fundi wa kigeni, hata awe hodari namna gani, angeweza kumzidi mwalimu kwa upesi wa kupachika vipande. Lakini asingejua kwamba katika kijiji hicho siku ya gulio ni Alhamisi, na kwamba wekundu wa Alhamisi si utoro wa mtoto mmoja bali ni jambo la kupelekwa mbele ya kamati ya shule. Asingejua majira ambayo watoto hukaa mashambani kuamia ndege. Ujuzi wa kuunda programu ndogo hupatikana kwa miezi, lakini ujuzi wa kazi yenyewe umemchukua mwalimu miaka, na huo anao tayari.

Funzo la historia

Nchi hii imewahi kulipia gharama ya kutumia mtambo ambao wenyewe hawaumudu. Kompyuta ya kwanza iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mpango wa kuhamishia hesabu za Serikali katika mashine ulishindwa, kazi ikarudi kufanywa kwa mkono, na mwaka 1974 Serikali ikazuia uingizaji wa kompyuta nchini. Wapo wanaolisimulia jambo hilo kwa kicheko. Lakini kushindwa kwenyewe ndiko kwenye funzo: mashine ilikuja kabla ya watu. Mtambo usio na wenyewe wanaoujua humgeuza mwenye mali kuwa mgeni katika nyumba yake.

Miaka 43 baadaye, mwaka 2017, ulianza kutumika mfumo wa Serikali wa kupokea malipo kwa njia ya kielektroniki, maarufu kwa jina la GePG. Mfumo huo ulijengwa na wataalamu wa hapa hapa nchini. Mwananchi anayepewa namba ya malipo na kulipia huduma ya Serikali kwa simu akiwa nyumbani kwake anatumia kazi ya mikono ya ndugu zake. Kati ya mwaka 1974 na mwaka 2017 tofauti kubwa haikuwa mashine peke yake. Ilikuwa watu.

Jirani wa Kenya nao wana mafunzo mawili ya kutazamwa kwa pamoja. Mwaka 2007 ilianza huko huduma ya M-Pesa, yenye jina la Kiswahili na wateja Waafrika. Hata hivyo mfumo wake wa mwanzo ulitengenezwa Uingereza, na mitambo ya kutunza kumbukumbu zake ilikuwa Ujerumani hadi ilipohamishiwa Kenya mwaka 2015. Lakini mapema mwaka 2008, katika siku za ghasia zilizofuata uchaguzi, kundi dogo la Wakenya na wenzao liliunda kwa siku chache programu iliyoitwa Ushahidi, ambayo mwananchi aliweza kuitumia kutoa taarifa za matukio na matukio hayo yakaonekana katika ramani. Programu hiyo ilitolewa bure kwa yeyote, na mwaka 2010 ilitumika nchini Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Haikuzaliwa kwa mtaji mkubwa. Ilizaliwa kwa haja iliyokuwa mlangoni, machoni mwa watu waliojua kuunda.

Kujisomea si jambo geni

Baadhi ya watumishi husema kwamba umri umekwenda na kwamba mambo haya ni ya vijana. Kauli hiyo inashangaza ikitoka katika nchi hii. Mwaka 1970 ulitangazwa na Mwalimu Nyerere kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1967, katika kila watu wazima 100, takriban 67 hawakujua kusoma wala kuandika. Mtihani wa Taifa wa mwaka 1975 ulikuta wamepungua kufikia 39, na ule wa mwaka 1986 ulikuta hawafiki 10. Wakulima wenye wajukuu walikaa chini ya miembe na chaki mkononi. Waliowafundisha wengi wao hawakuwa walimu wa vyeti. Walikuwa vijana waliomaliza darasa la saba na majirani waliotangulia kujua.

Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliongeza jambo jingine. Watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu vyepesi, wakajadiliana, kisha wakaondoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Somo halikuishia katika daftari. Hiyo ndiyo siri ambayo wengi wanaojisomea leo wameisahau. Huanza somo hili, huliacha katikati, hurukia jingine, na baada ya mwaka wana maelezo mengi na hawana kitu hata kimoja kinachofanya kazi. Anayetaka kujifunza kuunda programu sharti aazimie kumaliza moja, iwe ndogo namna gani.

Kisomo kilitoa na onyo pia. Juhudi zilipolegea katika miaka iliyofuata, wasiojua kusoma waliongezeka tena, kwani ujuzi usiotumika hufa. Aliyeunda programu moja akaiacha, baada ya mwaka atakuwa kama asiyewahi kuunda.

Na kwa mtumishi wa ofisi upo mfano wa karibu zaidi. Shaaban Robert alisoma shule Dar es Salaam kati ya mwaka 1922 na mwaka 1926. Masomo ya darasani yakaishia hapo, naye akaingia kazini kama karani katika idara ya forodha. Ukarani huo wa serikali ya kikoloni haukumzuia kuwa mwandishi ambaye vitabu vyake vinasomwa hata leo, miaka mingi baada ya kufariki kwake mwaka 1962. Hakuna aliyempa ruhusa ya kuwa bingwa wa lugha. Alijifunza kwa kufanya, saa za kazi zilipokwisha.

Kasumba ya cheti

Hapa yafaa jambo moja lisemwe bila kuficha. Kizuizi kikubwa cha kujifunza katika utumishi wa umma si uvivu wa watumishi. Ni kasumba ya cheti. Katika ofisi nyingi mtu hathaminiwi kwa kile anachoweza kukifanya mbele ya macho ya watu, bali kwa karatasi iliyomo katika jalada lake. Karani aliyejifunza mwenyewe kupanga orodha ya majalada ili yapatikane kwa dakika 2 badala ya siku 2 huulizwa amesomea wapi. Akisema amejifunza mwenyewe, hucheka aliyeuliza. Kesho yake huitwa mshauri wa kulipwa kufanya jambo lile lile.

Mkuu wa kazi mwenye tabia hiyo hailindi hadhi ya elimu, anaiua. Elimu ya Kujitegemea, waraka uliotolewa na Mwalimu Nyerere mwezi Machi 1967, ililaani mtindo wa kumpima mtu kwa mitihani tu na kumtenga mwenye elimu na kazi. Isitoshe, Serikali yenyewe imekwisha kukubali kanuni hii kwa mafundi. Kupitia VETA upo utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi wa mafunzo, ambapo fundi uashi au seremala aliyejifunza kazini hupimwa kwa kazi ya mikono yake na kutambuliwa. Ikiwa mwashi aweza kupimwa kwa ukuta aliojenga, mwalimu aweza kupimwa kwa programu aliyounda. Iwekwe mezani, ijaribiwe, ihukumiwe.

Hii haina maana kwamba vyuo havina kazi. Daraja la mto mkubwa hujengwa na mhandisi. Lakini kijiji hakingoji mhandisi ili kuweka gogo juu ya mfereji.

Vikwazo vya kweli na mipaka ya haki

Si haki kumhimiza mtu bila kukiri mzigo wake. Kompyuta ni ghali kwa mshahara wa mwalimu. Umeme haujatulia kila mahali. Bando la mtandao huisha kabla somo halijaisha. Hayo hayatatuliwi kwa hotuba. Hupunguzwa kwa ushirika: walimu 5 na kompyuta 1 ya shule, siku 2 kwa juma baada ya masomo, mmoja akipachika vipande na wengine wakisoma hatua. Tayari upo utaratibu wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, ambao ndani yake walimu hukutana shuleni katika jumuiya za kujifunza. Jumuiya hizo zisijadili mada za kufundishia peke yake. Ziwe pia mahali ambapo mwalimu huonesha alichounda na wenzake wakamtafutia makosa.

Kikwazo cha pili ni lugha. Maelezo mengi ya ufundi huu yameandikwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha watu wanaodhani kila msomaji amekaa darasani mwao. Mwalimu wa shule ya msingi aliyesoma kwa Kiswahili na anayefundisha kwa Kiswahili hukutana na ukuta siku ya kwanza, akadhani ukuta huo ni ugumu wa somo. Kumbe ni ugumu wa lugha. Kila anayefaulu kuuvuka ana deni la kuandika alichojifunza kwa Kiswahili safi, hata kama ni kurasa 10 za kupiga chapa shuleni. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, lina kazi ya kusanifu maneno. Lakini maneno hukomaa vinywani mwa wanaofanya kazi. Aidha programu yenyewe izungumze Kiswahili. Kitufe kinachosema "Hifadhi" kinaeleweka kwa bibi na kwa mjukuu.

Mipaka nayo sharti iheshimiwe. Majina ya watoto na habari zao si mali ya mwalimu kuzitawanya. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamhusu mtumishi kama inavyohusu kampuni. Kwa programu ya kwanza njia salama ni hizi: mwalimu mkuu ajulishwe na aridhie, zitumike namba za watoto badala ya majina kamili, kumbukumbu zikae ndani ya simu yenye kufuli na zisipelekwe mtandaoni, daftari rasmi liendelee kuandikwa kama kawaida. Vivyo hivyo mifumo ya Serikali ina utaratibu wake chini ya Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019. Afisa hawezi kujitungia mfumo wa idara nzima usiku mmoja na kuuingiza kazini kesho yake. Chombo kidogo cha kumsaidia mtu katika kazi yake ni jambo moja, na mfumo wa umma ni jambo jingine. Lakini ofisi yenye watu waliounda vyombo vidogo haitadanganywa kwa urahisi na mwuzaji wa mfumo mkubwa. Watajua kuuliza kumbukumbu zinakaa wapi, nani anaweza kurekebisha kosa, na itakuwaje mkataba ukiisha. Kwa sababu hiyo peke yake, fedha ya umma itaokolewa.

Mwandishi wa barua

Ipo hoja mpya ya wavivu. Inasemwa kwamba siku hizi akili mnemba huandika programu kwa kuambiwa tu, hivyo hapana haja ya kujifunza. Wazee wanaweza kuijibu hoja hiyo vizuri kuliko wataalamu. Kabla ya kisomo, mama aliyetaka kumwandikia mwanawe aliyeko mkongeni alimwendea mwandishi wa barua. Barua iliandikwa, tena kwa mwandiko mzuri. Lakini mama hakujua kilichoandikwa ni alichokisema au ni alichokipenda mwandishi. Siri yake ilikuwa kinywani mwa mtu mwingine. Jibu lilipokuja alilibeba kifuani njia nzima akitafuta wa kumsomea. Aliandikiwa barua maisha yake yote na hakuwahi kuandika.

Anayepewa programu na akili mnemba bila kuielewa yu katika hali ile ile. Mashine hiyo inaweza kumpa mwalimu daftari la mahudhurio lenye kosa la Alhamisi, Ijumaa na Jumatatu, naye asigundue hadi mtoto ameshapotea. Anayeelewa ataitumia kama msaidizi mwepesi: ataiuliza, ataikagua, ataikatalia. Kwa hiyo akili mnemba haijafuta haja ya kisomo hiki. Imeiongeza, na imemwondolea mjifunzaji kisingizio cha kukosa wa kumwuliza.

La kufanya

Kwa mtumishi mmoja mmoja hatua ni hizi. Achague kero moja ya kazi yake, ndogo, inayojirudia kila juma. Aiandike katika karatasi kwa Kiswahili, hatua kwa hatua, kabla ya kugusa kompyuta. Achore skrini kwa penseli. Ajifunze yale tu yanayohitajiwa na kero hiyo. Saa 1 kwa siku, siku 5 kwa juma, kwa majuma 12 ni saa 60. Katika muda huo mtu aliyejitia nidhamu anaweza kufikisha programu ndogo mwisho wake. Awape wenzake 2 waitumie, anyamaze, na atazame wanapokwama. Haina haja ya kuipeleka dukani mwa Google, ambako mwundaji hulipa dola 25 mara moja ili kuandikishwa. Ikimfaa yeye na wenzake shuleni, imefaulu. Baadaye, akitaka kwenda mbele, zipo lugha kamili za kuandikia programu, kama Kotlin, ambazo zana zake nazo hazidai ada ila zinadai kompyuta yenye nguvu zaidi na subira zaidi.

Kwa wakuu wa kazi, jukumu si kubwa wala si la gharama. Kompyuta ya shule isifungiwe ofisini ikifunikwa kitambaa. Mtumishi anayejifunza asidhihakiwe. Kila robo mwaka itengwe siku ambayo watumishi wataonesha walichounda, na kinachofaa kiingie kazini kwa utaratibu. Ustadi huo uandikwe katika taarifa ya utendaji wake.

Kwa Chama, ambacho ndicho kilichosimamia kisomo cha kwanza kikiitwa TANU, uwanja uko wazi. Jumuiya ya Wazazi ina shule zake. Zinaweza kuwa za kwanza kufungua vyumba vyao jioni kwa walimu na watumishi wa jirani, wenye vyeti na wasio navyo.

Na kwa mwalimu wa darasa la nne, kipimo hakitakuwa sifa wala cheti. Kipimo kitakuwa jioni ile ambayo jina moja litageuka jekundu, naye akafunga kabati, akachukua baiskeli yake na kupita nyumbani kwa mzazi, siku ya tatu na si siku ya thelathini. Akimkuta mtoto bado yupo nyumbani, na kesho yake akaitikia jina lake darasani, kisomo hicho kitakuwa kimezaa matunda. Kazi hiyo yaweza kuanza juma hili, kwa karatasi na penseli.